Samaki wangu walipona umeme ulipokatika, wakafa uliporudi. Tujadili maandalizi ya tangi

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za humu.

Nafuga samaki wa mapambo mwaka wa tisa sasa. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, kwa sababu kuuandika kunanirudisha kwenye asubuhi moja mbaya sana. Lakini kila umeme unapokatika naona watu wanauliza swali lilelile, "samaki wanavumilia saa ngapi?", wanapewa namba moja, na namba ile haiwasaidii. Nianze na yaliyonikuta.

Tangi langu lilikuwa la lita 180, limejaa mimea, lina samaki wadogo kama 30 na gourami wawili. Filta ilikuwa kanista, ile ya mkebe uliofungwa inayokaa kabatini chini ya tangi na kuvuta maji kwa mpira. Umeme ukakatika saa tano usiku. Sikulala. Kila nusu saa nilikuwa nachota maji kwa jagi na kuyamwaga tena tangini kutoka juu, dakika tano hivi, ili yapigwe na hewa. Alfajiri samaki wote walikuwa wazima. Saa mbili asubuhi umeme ukarudi, nikasikia filta inanguruma, nikamshukuru Mungu nikaenda kulala. Nilipoamka saa sita mchana maji yalikuwa na ukungu, yananuka yai bovu, na zaidi ya nusu ya samaki walikuwa wamelala ubavu. Gourami wawili walinusurika, nadhani ni kwa sababu wana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji.

Kwa hiyo umeme kukatika haukuniulia samaki hata mmoja. Filta yangu ndiyo iliyowaua, ilipojiwasha yenyewe nimelala.

Ndani ya kanista kuna bakteria wanaotufanyia kazi kubwa: wapo wanaogeuza amonia (sumu inayotokana na taka za samaki) kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine, kama Nitrospira, wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hawa wanapumua oksijeni kama samaki. Maji yakisimama ndani ya mkebe uliofungwa, oksijeni iliyomo inaisha ndani ya saa chache, na filta yenye uchafu mwingi inaimaliza mapema zaidi. Hapo bakteria wazuri wanaanza kufa, na wale wasiohitaji oksijeni wanapata nafasi ya kuozesha uchafu wote uliokusanywa kwa miezi. Harufu ile ya yai bovu ni salfidi ya hidrojeni, na ni sumu kali kwa samaki. Umeme ukirudi, pampu inayamwaga maji yote hayo tangini kwa mkupuo mmoja.

Tangu siku ile, umeme ukikatika kitu cha kwanza ninachofanya, kabla hata ya kutafuta tochi, ni kuchomoa kanista ukutani. Ikipita kama saa moja bila dalili ya umeme, naifungua, natoa sponji na vijiwe vyake, naviweka kwenye mfuko wa wavu na kuvining'iniza ndani ya tangi lenyewe, mahali ninapotia hewa. Umeme ukirudi, maji ya ndani ya mkebe namwaga nje yote, nasuuza sponji kwenye ndoo yenye maji ya tangi (yasiwe ya bomba, klorini itamaliza bakteria waliobaki), ndipo naiwasha.

Sasa lile swali la saa ngapi. Linategemea una samaki wangapi kwa maji uliyonayo, maji yana joto gani, na uso wa maji ni mpana kiasi gani, maana oksijeni inaingilia juu. Tangi refu jembamba na tangi fupi pana yanaweza kubeba lita sawa, lakini lile pana litakupa muda mrefu zaidi. Joto nalo linakupiga mara mbili. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.5, na wakati huohuo samaki wa maji ya moto anapumua kwa kasi zaidi. Samaki wengi wanaanza kuhangaika ikishuka chini ya 5. Ndiyo maana mtu mmoja atakwambia wake walikaa siku nzima bila shida, na mwingine akazika wake baada ya saa tatu, na wote wawili wanasema kweli.

Karibuni tuongeze.

#2 Mdau mpya

Pole sana mkuu, nimesoma nikasisimka. Mimi nina tangi la lita 60, guppy na corydoras, filta ni ile ndogo ya kuning'iniza ubavuni. Inveta siwezi kwa sasa. Nikiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu, ninunue nini?

#3 Mleta mada

Asante mdau. Nunua pampu ya hewa inayotumia betri au waya wa USB, na uiunge na filta ya sponji. Sijaona kitu cha gharama ndogo kinachookoa samaki wengi kuliko hicho.

Watu wengi wanadhani mapovu ndiyo yanayoingiza oksijeni. Kidogo tu. Kazi kubwa ya mapovu ni kuyanyanyua maji ya chini na kuyafikisha juu, na kuutikisa uso ili maji na hewa vibadilishane. Ukitumia sponji badala ya jiwe la hewa pekee, mapovu hayohayo yanavuta maji kupita kwenye sponji na bakteria wako wanabaki hai. Lakini sponji hiyo uiweke tangini leo, ifanye kazi kila siku pamoja na filta yako ya kawaida. Sponji mpya inayotolewa kwenye pakiti usiku wa dharura haina bakteria hata mmoja. Itatingisha maji tu.

Na weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira wa hewa. Ni kipande kidogo cha plastiki. Pampu ikiwa chini ya usawa wa maji na ikasimama, maji yanaweza kurudi kwa mpira, yakaingia kwenye pampu na kutiririka sakafuni. Ukikosa vali, iweke pampu juu kuliko maji. Kagua mwelekeo wa vali kwa kupuliza kwa mdomo kabla ya kuifunga. Nimeona watu wameiweka kinyume, pampu inaunguruma na povu halitoki hata moja.

Filta yako ya ubavuni ina nafuu kuliko kanista kwa kuwa iko wazi juu, lakini nayo isiachwe ikauke. Toa sponji yake uiweke ndani ya maji ya tangi.

#4 Fundi umeme (nami nina tangi)

Naomba niongezee upande wa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoteza fedha.

Pawabenki ya mAh 10,000 ina takriban wati-saa 37 ndani (10,000 mara volti 3.7). Toa zinazopotea njiani, hesabu 25 hadi 30. Pampu ya USB ya wati 1.5 itaenda saa 16 hadi 20. Huo ni usiku mzima na zaidi, kwa kitu ambacho pengine kimelala kwenye droo yako.

Lakini kuna mtego. Pawabenki nyingi zimetengenezwa zijizime zikiona kifaa kinavuta umeme mdogo sana, zinadhani simu imejaa. Pampu ndogo kabisa inaweza kuizima pawabenki baada ya muda mfupi, wewe umelala. Ijaribu mapema ukiwa macho.

Upande wa inveta: betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ya risasi, tumia nusu tu ili isife mapema, yaani 600. Pampu ya hewa ya wati 5 na filta ya wati 15 jumla ni wati 20, kwa hiyo unapata kama saa 30 kabla ya kutoa zinazoliwa na inveta yenyewe. Sasa unganisha na hita ya wati 200 hapohapo. Saa 30 zimekuwa chini ya tatu. Hita isiguse betri. Taa pia ziache, samaki hawazihitaji usiku huo.

Tafuta inveta ya mawimbi laini (pure sine wave). Zile za mawimbi ya ngazi zinaweza kufanya mota za filta zinung'unike na kupata joto.

Jambo la mwisho ni la binadamu na si la samaki. Jenereta haiingii ndani ya nyumba, wala barazani karibu na dirisha lililo wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Vilevile jiko la mkaa lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa ili kupasha tangi joto. Hakuna samaki wa thamani hiyo.

#5 Mdau mwenye mbuna

Mleta mada, uzi mzuri, ila hilo la jagi nina shaka nalo. Nina lita 400 za mbuna, samaki wa miamba wa Ziwa Nyasa. Tunawafuga kwa wingi makusudi ili ugomvi ugawanyike, asiwepo mmoja wa kuonewa. Tangi kama hilo halina akiba. Umeme ukikatika, ndani ya saa moja unaona matamvua yanapiga haraka, baadaye wanapanda juu wote. Jagi haliwezi kushindana na samaki 40.

Halafu kuna pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji. Mbuna wanataka maji ya pH karibu 8, na kwenye maji hayo amonia inauma zaidi. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Ikiwa 8 inazidi kidogo asilimia 5, yaani takriban mara kumi. Kwa hiyo filta ikifa, mwenye tangi la pH 7 ana muda wa kujipanga. Mimi sina.

Na wenye sampu, lile tangi la chini, mjihadhari na kitu kingine. Pampu ikisimama maji ya juu yanashuka. Bomba la kurudishia maji likiwa limezama sana, linageuka kuwa mfyonzo na kushusha maji mpaka mdomo wake utoke hewani. Sampu ikijaa, sakafu inaogelea. Toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, ili maji yakishuka kidogo tundu livute hewa na mfyonzo ukatike. Na ulisafishe, maana konokono na mwani hupenda kuliziba.

#6 Mleta mada

Mkuu nakubaliana nawe kabisa. Jagi liliniokoa kwa sababu tangi langu halikuwa na msongamano. Kwa tangi lililojaa kama lako, pampu ya hewa inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika ni lazima, na ziwe mbili, maana moja ikigoma huna cha pili. Zile zenye betri ya ndani zipo. Za betri kavu pia zipo, ila betri zitolewe pampu inapohifadhiwa. Zinavuja na kuoza vichwa vya ndani, siku ya kazi unakuta kutu.

Niseme pia kwa upole: mtu asiye na akiba yoyote ya umeme asijaze tangi. Idadi ya samaki ndiyo inayoamua kabla ya kifaa chochote.

#7 Mfugaji wa sehemu za baridi

Kwetu shida ni baridi, na nimegundua watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Maji mengi yanapoa polepole. Tangi langu la lita 300 linashuka taratibu sana ukilinganisha na lile la lita 40 lililo chumba hichohicho. Na maji yanayopoa taratibu yanashika oksijeni zaidi, samaki wanatulia, wanapumua kidogo. Kinachoua ni kushuka kwa ghafla.

Navingirisha blanketi pande zote na mgongoni, au vipande vya stairofomu, ila juu naacha nafasi ya hewa. Usiku ukiwa mrefu najaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, nazifunga kabisa, naziacha zielee. Nachota kwanza maji kidogo ya tangi ili yasimwagike. Maji ya moto simwagi tangini moja kwa moja, hata kikombe.

Hita ichomolewe. Ukichota maji hita ikabaki nje ya maji, kisha umeme ukarudi, kioo chake kinaweza kupasuka.

Nanyi wenye goldfish, kuna jambo la ajabu: oksijeni ikikosekana kabisa, mwili wa goldfish unaweza kuendelea kuishi kwa kutengeneza ethanoli na kuitoa kwa matamvua. Ndivyo jamaa zao wanavyovuka majira ya barafu kwenye madimbwi. Lakini hilo ni la maji baridi sana. Goldfish wa tangini, kwenye maji ya uvuguvugu, anakula sana na kuchafua sana, msimtegemee kwa hilo.

#8 Mpenda mimea

Mimi nilidhani mimea yangu mingi ndiyo akiba yangu ya oksijeni. Mleta mada naye alikuwa na mimea. Imekuwaje haikusaidia?

#9 Mleta mada

Swali zuri sana. Mmea unatoa oksijeni ukiwa na mwanga. Gizani nao unapumua, unavuta oksijeni ileile ya samaki. Kwa hiyo umeme ukikatika mchana na tangi liko karibu na dirisha, mimea inakusaidia. Ukikatika usiku, ni wageni zaidi mezani.

Mwenye mtungi wa hewa ukaa ya kulishia mimea, wenye vali ya umeme, vali hujifunga yenyewe umeme ukikatika, yuko salama. Mwenye chupa ya hamira na sukari, ile haijui kuwa umeme umekatika, inaendelea kumwaga hewa ukaa usiku kucha. Toa mpira wake nje ya tangi mara moja.

Kuhusu chakula, maana nimeulizwa pembeni: usilishe. Samaki mzima mwenye afya anakaa siku kadhaa bila kula na hapati neno. Kumeng'enya chakula kunampandishia matumizi ya oksijeni, na kinyesi kinaongeza amonia wakati huna filta. Vifaranga tu ndio wa kuangaliwa tofauti, wale hawana akiba mwilini.

Sasa lile ambalo hasa lilinifanya nianzishe uzi. Chagueni siku ya mapumziko, mko nyumbani, asubuhi, halafu zimeni umeme wa tangi wenyewe. Saa mbili au tatu. Kaeni mtazame. Pampu ya akiba iliwaka au haikuwaka? Maji yalirudi kwa mpira? Sampu ilifika wapi? Samaki gani alipanda juu wa kwanza, baada ya dakika ngapi? Wakianza kuhema juu, rudisheni umeme, jibu mmeshalipata. Kisha washeni filta na msikilize kama kweli imeanza, maana filta iliyozunguka miezi sita bila kusimama mara nyingi inagoma kuanza tena. Utando unashika kwenye propela yake ndogo. Haya yote mimi niliyajua baada ya msiba, na hakuna hata moja ambalo lisingeonekana ndani ya saa tatu za asubuhi.

#10 Mdau mpya

Wakuu, nimerudi. Nilipata pampu ya USB ndogo kabisa, na Jumapili nikafanya jaribio.

Alichosema fundi kilitokea vilevile. Dakika mbili tu mapovu yakakatika, pawabenki imejizima. Nikaiwasha, ikajizima tena. Mwishowe nikachomeka na kitaa kidogo cha USB kwenye tundu la pili, ikakubali na ikaendelea mpaka nilipomaliza. Corydoras walianza kupanda juu kuvuta hewa mara nyingi kuliko kawaida kipindi kile ambacho mapovu yalikuwa yamekatika. Nilipowasha filta ikatoa mlio, maji hayatoki. Nikaifungua, propela ilikuwa imeshikwa na utelezi na jani moja. Ingekuwa usiku ningelala nikijua inafanya kazi.

Swali: umeme ukirudi kweli baada ya saa nyingi, nibadilishe maji yote?

#11 Mleta mada

Hapana, yasiwe yote. Robo hadi theluthi inatosha, yenye joto lililo karibu na la tangini na iliyoondolewa klorini. Kabla ya hapo subiri dakika chache umeme utulie ndipo uchomeke vifaa, kimoja kimoja, hita iwe ya mwisho baada ya kuhakikisha maji yameifunika. Hesabu samaki na konokono. Aliyekufa nyuma ya jiwe atoke siku hiyohiyo.

Halafu pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki moja, hata maji yakionekana safi. Bakteria waliopungua hawarudi kwa usiku mmoja, na mara nyingi amonia inapanda siku ya pili au ya tatu, wakati mtu ameshasahau na kuanza kulisha kama kawaida. Lisha kidogo sana siku hizo.

Na hilo la kitaa kwenye pawabenki umelifanya vizuri. Andika kwenye karatasi uibandike ubavuni mwa tangi, pamoja na "chomoa filta", ili yeyote atakayekuwepo nyumbani siku haupo aweze kufuata.

#12 Mdau mwenye mbuna

Karatasi yangu nimeibandika leo. Jaribio nafanya Jumamosi, nitaleta dakika zao hapa.